Kidigo cha Mke Mwenzangu

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwaka juzi, kabla ya adhuhuri, nilimpoteza mume wangu, na pamoja naye nikampoteza mkalimani wangu. Sifanyi mzaha na msiba. Alianguka kazini, hotelini Galu, akiwa amepiga magoti nyuma ya jokofu alilokuwa akilitengeneza, na hakuinuka tena. Daktari alisema ni moyo. Alasiri alikuwa ameshafikishwa kwao Msambweni, na kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani katikati ya wanawake waliokuwa wakilia na kuomboleza kwa Kidigo. Mtu niliyezoea kumgeukia na kumuuliza, "Wanasemaje?" ndiye aliyekuwa akililiwa.

Mimi ni Mkamba wa Makueni. Shule niliishia darasa la nane. Nilikuja Ukunda kutafuta kazi nikiwa msichana, nikaipata katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya ufuoni, kazi ya kufua mashuka na kuyapiga pasi. Mle ndani tulikuwa watu wa bara watupu, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuungaunga: Sheng kidogo, Kiingereza kidogo, na kilichobaki kila mtu alikitoa kwao. Tulielewana vizuri sana. Sikujua kwamba sijui Kiswahili mpaka siku nilipokwenda kununua nyanya Kona ya Musa.

"Nipatie nyanya kilo moja," nikasema.

Mama muuzaji akanitazama, akazitazama nyanya zake, akaniuliza, "Kwani nyanya hizi zimekukosea nini, mwanangu?"

"Hazijanikosea."

"Basi ni mimi niliyekukosea."

"Hapana, mama."

"Sasa mbona hatusalimiani?"

Nikampa shikamoo. Hakunipimia nyanya mpaka tulipomaliza hali yangu, hali ya kwetu, hali ya mvua, na mguu wake uliokuwa ukimsumbua. Nilirudi kazini nimechelewa, lakini nyanya zilikuwa nzuri, na aliniongezea mbili.

Mume wangu nilikutana naye mle mle chumba cha kufulia. Mashine ya kukaushia nguo ilikuwa inatoa moshi, msimamizi anapiga kelele, ndipo fundi akaitwa. Akasimama mlangoni na mfuko wake wa vyuma, akasema, "Assalaam aleikum. Habari zenu za tangu asubuhi, mabibi?" Kisha akangoja. Moshi unaongezeka, msimamizi anazidi kelele, na yeye amesimama pale anangoja tumjibu.

Mwenzangu mmoja akacheka, akasema, "Huyu anadhani amekuja posa."

"Nikimwona wa kuposa, nitaposa," akajibu, wala hakututazama, akaenda zake kwenye mashine.

Mwaka haukuisha, akaposa. Nikasilimu, nikajifunza sala, nikajifunza kusema "naomba" pale nilipozoea "nipatie", na "njoo" pale nilipozoea "kuja hapa". Kiswahili changu chote chenye nguo nzuri nilikipata kwake. Alinifundisha kwa kucheka. Nikikosea alikuwa anarudia nilivyosema, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi, mpaka mwenyewe nasikia kilichoharibika.

Kidigo hakunifundisha. Nasema ukweli, na simlaumu. Tulikuwa tunapanga chumba Ukunda, na ndani ya chumba kile Kidigo hakikuwa na kazi. Nikimwomba alisema, "Utajifunza, una haraka gani?" Lakini tulipokwenda kwao Msambweni, sikukuu au harusi, nyumba nzima ilikuwa Kidigo, kuanzia jikoni mpaka barazani. Watu wanasimulia, wanapigana makofi, wanashika mbavu, nami namvuta mkono wa shati.

"Wanasemaje?"

"Wanamsema ng'ombe wa jirani."

"Hayo tu?"

"Mengine nitakwambia baadaye."

Baadaye haikufika. Tukirudi Ukunda alikuwa ameshasahau, au alijifanya amesahau. Naamini kuna vichekesho vya miaka kumi ambavyo amekwenda navyo kaburini.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenitatiza zaidi, na alinitatiza kwa wema. Akiniona tu, Kidigo kilikatika mdomoni mwake na Kiswahili kikaanza, Kiswahili kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi. "Karibu, mwanangu. Umeshindaje? Hawajambo wote huko?" Kisha alifungua kabati na kunitolea kikombe cha kaure, chenye maua na kisahani chake. Wao wenyewe walikuwa wanakunywa chai kwenye vikombe vya bati, vile vyeupe vyenye mdomo wa buluu. Binti yetu alipoanza kupelekwa huko wakati wa likizo alipewa kikombe cha bati siku ya kwanza, na likizo ilipoisha alirudi anaota kwa Kidigo. Mimi kila mwaka kaure. Kilikuwa kikombe kizuri, na nilikichukia.

Siku ya tatu ya matanga kaka yangu alifika kutoka Makueni na gunia la pojo begani. Alikaa na wanaume barazani, nami nilikuwa ndani na wanawake, nyuma ya pazia. Kwa Wadigo mjomba, ndugu wa mama, ndiye mwenye neno, na mjomba wa mume wangu alikuwa mzee mpole asiye na meno ya mbele, mwenye tabia ya kukohoa kidogo na kuiweka sawa kofia yake kabla ya kusema jambo kubwa. Kaka yangu alimshukuru kwa jinsi walivyonitunza. Kisha akasema, "Eda ikiisha tutakuja kumchukua, yeye na mtoto. Huku sasa hana mtu."

Mjomba akakohoa, akaiweka sawa kofia. "Hatumfukuzi, wala hatumfungi," akasema. "Eda ikiisha utakuja, tutamuuliza mbele yako anaondoka au anabaki. Atakalosema ndilo litakalokuwa."

Maneno ya haki kabisa. Lakini nyuma ya pazia wanawake walinitazama kwa huruma, kama mnavyomtazama mtu aliyeshika mizigo yake anangojea basi. Kila mmoja alishajua jibu langu isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nataka kubaki. Kaburi liko pale. Mtoto wangu ni mtoto wa pale. Makueni wazazi wangu hawapo tena, na kaka ana nyumba iliyojaa. Ila sikutaka kubaki nikiwa mgeni wa kikombe cha kaure mpaka nizeeke. Nilitaka kubaki kama mtu wa pale, na sikujua hata namna ya kuomba chumvi kwa lugha yao.

Chumba cha Ukunda kikarudishwa kwa mwenyewe, nami nikawekwa eda Msambweni, ua mmoja na mama mkwe wangu, katika nyumba ya nyanya yake mume wangu, aliyemzaa mama mkwe wangu na mjomba. Miezi minne na siku kumi nisitoke kwenda popote, nisijipambe, nisitie manukato wala hina. Nyanya alikuwa mzee sana. Macho yake yalikuwa yamefifia, masikio yalikuwa mazima, na ulimi ulikuwa mzima kuliko masikio.

Lazima nieleze utani wao hapa, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitokana nao. Mjukuu wa kiume kwa nyanya yake ni mume. Ni mzaha, lakini hufanywa kwa bidii. Nyanya huyu alimwita mume wangu "mume wangu" tangu akiwa mchanga. Siku ya harusi yetu alininunia mbele ya watu wote, akasema maneno marefu, ukumbi ukaangua kicheko, na mume wangu akanitafsiria kwa maneno mawili: "Ana wivu." Hivyo asubuhi ya kwanza ya eda yangu aliketi kitandani mwake, akaniambia kwa Kiswahili, "Mke mwenza, mume wetu ametuacha."

"Ndiyo, nyanya."

"Usiniite nyanya. Mimi niliolewa kabla yako."

Kisha akatangaza kwamba yeye pia yuko eda. Hakuna aliyeweza kumtoa katika hilo. Akaletewa mwaliko wa harusi ya jirani, akamwambia aliyeuleta, "Nina eda mimi, hamwoni haya?" Mama mkwe wangu akaingia kujaribu kumweleza mambo ya sheria, naye akajibiwa kitu kwa Kidigo kilichomfanya ageuke atoke na sahani yake mkononi. Sikuelewa hata neno moja, lakini nilicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Halafu kicheko kikageuka kilio. Nyanya aliniacha nilie. Alikuwa anasuka ukili, na vidole vyake havikusimama.

Baada ya siku chache akasema, "Humu chumbani Kiswahili kimekwisha. Mume wetu alikuwa anakudekeza." Tangu hapo, nikisema kitu kwa Kiswahili, hasikii. Nikiomba maji, kimya, ukili unasukwa. Nikisema "madzi", anasikia, ananyoosha kidole kwenye mtungi. Kwenda ni "kuphiya", na ile sauti ya katikati ilinitesa, kwa sababu si pe wala si fe, ni kama mtu anayepuliza chai isimuunguze.

"Puliza!" ananiambia. "Chai ni moto! Puliza, mke mwenza, ulimi unaungua!"

Nikapuliza. Nilikuwa nakuna nazi napuliza, nachambua mchele napuliza. Binti yangu akirudi kutoka madrasa ananikuta napuliza peke yangu, ananisahihisha bila hata kuweka juzuu yake chini. Neno nililolipata mapema ni "phahi", ambalo kwao ni kama "basi", na nililipenda nikalitia kila mahali. Kaka aliponipigia simu nikamweleza habari zetu kwa Kikamba, na phahi hapa, na phahi pale.

"Unapuliza nini?" akauliza.

"Hakuna. Ni neno lao."

"Utaliacha huko huko siku ya kuja."

Nyanya, ambaye hajui Kikamba, aliuliza, "Anasemaje huyo?" Nikamjibu kwamba anawasalimia. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu nikajisikia vizuri, maana ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa mkalimani mimi.

Jokofu la nyumba ile lilikuwa la zamani, limeokotwa na mume wangu kwenye vitu vilivyotupwa na hoteli, naye alikuwa amelifufua mara nyingi. Lilikuwa linanguruma kona ya sebule kama mzee aliyekula akashiba. Mwezi wa pili wa eda lilinyamaza. Nyanya akainua kichwa kutoka kwenye ukili, akasikiliza. "Mume wetu amekufa tena," akasema. Hakuna aliyemwita fundi. Tulilikausha, tukalifuta, tukaweka unga ndani, panya wasiufikie. Mpaka leo linahifadhi unga.

Alasiri, tukishamaliza kusali, tulikuwa na mchezo wetu. Nyanya alikuwa anageuka mjomba. Anakohoa kidogo, anaiweka sawa kofia ambayo hana, anaingiza midomo ndani kama mtu asiye na meno ya mbele, na kuniuliza kwa sauti ya mwanawe: "Mwanangu, eda imekwisha. Unaondoka lini?" Mara ya kwanza jibu alinipa yeye, nami nililishika neno kwa neno. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: "Niende wapi, wewe kizee kibogoyo? Huu ni mji wangu na mume wangu. Hebu nenda wewe kwanza, umechelewa!"

Nikalirudia. Nyanya akacheka mpaka ukili ukamwanguka mapajani. "Tena!" Anakohoa, kofia, "Unaondoka lini?" na mimi, "Niende wapi, wewe kizee kibogoyo?" Kila siku. Sentensi zangu nyingine za Kidigo nilikuwa nazijenga kwa jasho, nikitafuta kila neno lilipo. Hii ilikuwa inatoka yenyewe, imelainika, na kila pumzi iko mahali pake.

Wanawake waliokuja kunitembelea walisikia kwamba Mkamba anajifunza, wakawa wananijaribu. Nyanya aliwakaribisha kama mwenye duka. "Muulizeni lolote!" Jirani mmoja, mama mnene mchangamfu, akaniuliza kwa Kidigo nimelalaje. Nikamjibu kama nilivyofundishwa, kwamba nimelala vizuri kuliko yeye, maana uso wake umevimba. Chumba kizima kikapasuka. Yule jirani alijipiga mapaja, akanikumbatia, akasema sasa ameamini. Mwingine nilimwambia arudi kwake kabla mumewe hajaleta mwingine. Wakacheka mpaka machozi. Niliona nimefaulu mtihani.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Ikiwa ameingia na sinia, alikuwa analiweka chini na kutoka uani bila neno. Kwangu aliendelea na Kiswahili chake. "Mwanangu, umeshakula? Umelala vizuri?" Na kile kikombe. Nikimjibu kwa Kidigo, alitazama chini, akanijibu kwa Kiswahili. Iliniuma sana. Nilidhani hapendi kuisikia lugha yao ikitoka kinywani mwangu.

Siku moja nikamuuliza nyanya kwa Kidigo changu cha kuungaunga, "Mbona mwanao hataki kunisemesha?"

Nilingoja mzaha. Haukuja. "Anaogopa," akasema.

"Anaogopa nini?"

"Akuzoee, halafu uende."

Akaendelea kusuka. Nami nikakuna nazi mpaka nikafika kwenye kifuu bila kujua.

Eda ilikwisha asubuhi moja ya mwezi wa sita, baada ya mvua kubwa. Alfajiri wanawake waliniogesha, wakanivika leso mpya, wakanifukiza udi. Nyanya akasema na yeye aogeshwe, maana na yeye ametoka eda, na ilibidi aogeshwe, na leso mpya ikatafutwa haraka. Kaka yangu alikuwa amefika jana yake, safari hii bila gunia, na nikaona amevaa koti lake la kanisani. Dua ikasomwa. Kisha wanaume wakakaa barazani, mjomba na kaka yangu kwenye viti viwili vya mbele, na sisi wanawake tukakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Nyanya alikuwa kulia kwangu. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma, ameegemea kizingiti, mikono imeshika ncha za leso.

Nilikuwa nimetayarisha jibu langu mwenyewe. Nilikuwa nimelikusanya kimya kimya kwa wiki nzima, bila kumwambia nyanya, jibu la heshima: kwamba nawashukuru, na kwamba wakinikubali, napenda kukaa. Halikuwa refu. Nilikuwa nimelishika mdomoni kama mtu aliyeshika pini akishona.

Mjomba akakohoa kidogo. Akaiweka sawa kofia.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili, taratibu, "eda imekwisha. Ndugu yako huyu hapa. Tuambie mwenyewe. Unaondoka, au unabaki?"

Sijui nieleze vipi. Kilikuwa ni kile kikohozi. Jibu langu la heshima lilipotea kama halijawahi kuwepo, na nikaisikia sauti yangu, kubwa, safi, kwa Kidigo ambacho sijawahi kukisema vizuri namna ile tena, ikimwambia mjomba wa marehemu mume wangu, mbele ya wazee wenzake: "Niende wapi, wewe kizee kibogoyo? Huu ni mji wangu na mume wangu. Hebu nenda wewe kwanza, umechelewa!"

Mjomba alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga.

Wazee wakatazama miguu yao. Kuku mmoja akapita katikati ya baraza akiwa na shughuli zake. Kaka yangu akanikazia macho, akauliza kwa Kikamba nimesema nini. Pembeni yangu nyanya alikuwa ameuziba uso wake kwa leso mpya, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sijui hata leo kama alikuwa amenipangia jambo lile, au na yeye lilimshtua. Nimemuuliza. Yeye hunijibu tu kwamba mwanawe kweli ni kibogoyo.

Ndipo mama mkwe wangu akatoka kizingitini, akaja akasimama mbele yangu.

"Huna adabu, wewe?" akasema. "Mjomba ni mtani wako? Yule ni wa kuambiwa hivyo? Nimenyamaza muda wote huu unamwaga upuuzi wa nyanya yako kwa kila anayeingia, nikasema nitamgombezaje mtoto wa watu, na sasa umenifikisha mpaka barazani! Nani atasema umelelewa na mimi? Inuka. Piga magoti kwa mjomba wako, umwombe radhi. Sasa hivi! Kisha uende ukawashe jiko, watu hawajanywa chai!"

Nikainuka. Nilikuwa nimeshafika mbele ya mjomba na kupiga magoti ndipo nikatambua kwamba katika maneno yote yale hapakuwa na hata moja la Kiswahili. Nilikuwa nimeyaelewa yote, mpaka la mwisho, na hakuna aliyeninong'oneza.

Shida ni kwamba sikuwa na maneno ya kuombea radhi. Nyanya hakuwa amenifundisha hayo. Mama mkwe alikuja nyuma yangu, bado na hasira, akanipa neno la kwanza kwa sauti ya chini. Nikalisema. Akanipa la pili. Nikalisema. La tatu nililikosea. "Tena," akasema kwa Kidigo, na nikalisema tena, mpaka likakubalika. Hivyo ndivyo nilivyoomba radhi, kila neno likitoka kwake likipitia kwangu.

Mjomba aliivua kofia, akajifuta uso nayo. Nilipoinua macho niliona ameweka kiganja juu ya mdomo, na machozi yanamtoka, na ilichukua muda kujua ni machozi ya namna gani. Akacheka kwa ndani, kifua kikiruka. Alipopata pumzi akamgeukia kaka yangu.

"Ndugu yangu," akasema kwa Kiswahili, "dada yako anasema anabaki."

Kaka yangu akanitazama, akamtazama. "Alisema maneno mengi kuliko hayo."

"Mengine," mjomba akasema, akairudisha kofia kichwani, "nitakwambia baadaye."

Sikungoja kusikia zaidi. Nilikwenda jikoni, nikawasha jiko, nikaweka birika. Mama mkwe alikuja akamimina maziwa, akatia tangawizi, akaniambia kwa Kidigo nimeweka majani mengi, nami nikasema ndiyo. Alifungua kabati, akatoa kikombe cha kaure na kisahani chake, akakipangusa kwa ncha ya leso, akanipa nikampelekee kaka yangu. Kaka alikipokea kwa mikono miwili, akakisifu.

Niliporudi jikoni kulikuwa na kikombe cha bati juu ya meza, kimebonyea upande mmoja, kimejaa. Nikakichukua. Kilikuwa moto sana mdomoni, nikapuliza.